Shamba la Pembetatu

Mimi hesabu haijawahi kunipendeza. Wako wanaosema ni tamu, nami huwa nawaangalia tu, kwa sababu kwangu iliingia kwa baridi na njaa, katika shule ya walimu ya misioni kule Masisi, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala. Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani ya darasa, tablo, yaani ubao, haionekani vizuri, vidole vimekufa ganzi, na mwalimu anakutaka ueleze kila hatua: hiki umekitoa wapi, kile umekipeleka wapi, kwa nini umegawa kwa mbili. Ukirukia jibu, hata likiwa lenyewe, unarudishwa mwanzo mbele ya wenzako. "Hatua yako iko wapi?" Aliuliza hivyo mpaka tukaichukia sauti yake.

Mwalimu huyo alikuwa mtu wa Itebero, ndani ya msitu wa Walikale. Baridi ya milima yetu ilimtesa. Alifundisha amevaa koti zito, mikono mifukoni, akiitoa kwa ajili ya kuandika tu. Wakati wa likizo alirudi kwao kwa miguu, akipitia Mpofi, na akija tena miguu imevimba na uso umekonda. Alikuwa mkali, hilo sifichi, lakini hakuwadharau watoto wa wakulima, na enzi zile mwalimu wa namna hiyo ukimpata ulimshika.

Kwetu ni upande wa Ngungu, kusini, ambako barabara ikinyeshewa kidogo inakuwa uji. Tulikuwa Wakristo, wakulima wa maharagi na mihogo kama majirani wote. Baba alikufa kwa kifua katika mwaka wangu wa kwanza shuleni. Habari ilinifikia amekwisha kuzikwa, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Nilikuta udongo umekauka juu yake na watu wamerudi kwenye kazi zao. Mama alikuwa amekaa mlangoni na wadogo zangu wawili, wote wasichana.

Baba aliacha shamba moja. Yeye na mdogo wake walilirithi pamoja, wakalilima pamoja bila mpaka. Lilikuwa pembetatu kabisa, kama zile za kitabuni. Vijito viwili vilianzia karibu na nyumba yetu kule juu, kila kimoja kikashuka upande wake kikimwacha mwenzake, na chini mafunjo ya bondeni yakafunga upande wa tatu. Juu shamba lilikuwa jembamba, mtoto angeweza kurusha jiwe kutoka kijito hadi kijito. Chini lilikuwa pana, ukimwita mtu wa ng'ambo hakusikii vizuri.

Baada ya msiba wazee walisema ni lazima ligawanywe, ili mjane na shemeji yake kila mmoja ajue pake. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyebeba maharagi yangu kichwani mpaka shuleni, safari ya kuchosha, tena bila kunung'unika. Alikuwa Mkristo mwenye mke wake, hakutaka kumrithi mama kama walivyofanya watu wa zamani. Akasema tugawe sawasawa. Wazee nao wakasema sawasawa, na mama akaitikia sawasawa.

Sasa, kwetu shamba la mlimani halikatwi kutoka juu kwenda chini. Linakatwa kwa kulazwa, kama mkanda unavyokaa kiunoni. Wazee walinyoosha kamba ya migomba kando ya kijito, kutoka ncha ya juu mpaka kwenye mafunjo, wakaikunja katikati, na pale ilipokunjika wakapanda miti ya mpaka, mstari mmoja kutoka kijito hadi kijito. Upande wa juu ukawa wa mama, kwa kuwa nyumba iko juu. Upande wa chini ukawa wa baba mdogo. Sala ikasemwa, pombe ikanywewa, watu wakatawanyika.

Nilikuwa likizoni, nilisimama pale nikiangalia, roho inaniuma. Kamba ilikuwa imekunjwa sawa, hilo nililiona. Lakini nikitazama juu naona kipande cha kupanda maharagi ya familia moja yenye njaa, na nikitazama chini naona shamba.

"Mama, ya baba mudogo iko mukubwa sana," nilimwambia.

"Nyamaza. Kamba imekunjwa mbele ya watu."

Msimu ulipofika, baba mdogo na wanawe walikuja kumlimia mama, na wakati wa mavuno mkewe alileta vikapu vya maharagi kutoka chini. Niliona ni huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko njaa yenyewe. Mama yangu, aliyelima shamba lile tangu siku ya kuolewa, sasa anakaa kungoja kikapu cha mtu! Nikaweka moyoni jambo moja tu, kwamba mama apate nusu yake kamili na ale jasho lake.

Mwaka wa pili tulifika kwenye eneo la pembetatu. Kitako mara kimo, gawa kwa mbili. Wenzangu walihesabu pembetatu za tablo, mimi nikachora ya mama, vijito viwili, mafunjo na miti ya mpaka. Mwalimu akapita nyuma yangu akasimama.

"Hii iko nini?"

"Iko shamba ya kwetu, Mwalimu."

Aliniambia nibaki wengine wakienda kutafuta kuni. Nilidhani naadhibiwa. Kumbe alitaka kuelezwa. Nilimweleza habari ya baba, ya kamba, ya sawasawa, naye akasikiliza bila kucheka, kisha akaichora upya kwenye tablo, kubwa, akaniita mbele.

"Hatua ya kwanza. Katikati ya mulima, upana iko ngapi?"

Nikapima kwa lato, rula yake ya mbao. Ulikuwa nusu ya kitako.

"Hatua ya pili. Nusu ya kitako, mara nusu ya kimo?"

"Robo."

"Robo ya nini?"

"Ya shamba yote, Mwalimu."

"Basi mama yako hakupata nusu. Alipata robo. Shemeji yake iko na robo tatu."

Nilikuwa nimejua tangu siku ya kamba, lakini sasa niliiona imeandikwa kwa chaki. Nilikaa kwenye benchi. Mwalimu hakunipa nafasi ya kuhuzunika. Alikuwa amekwisha kuchora mstari kutoka ncha ya juu moja kwa moja mpaka katikati ya kitako. Pembetatu mbili, alisema, vitako sawa, kimo kilekile, eneo sawa, imekwisha.

"Haiwezekane, Mwalimu," nikasema.

Akageuka. Hakuzoea kuambiwa hivyo.

"Mupaka ikishuka mulima, maji inaifuata. Mvua ya kwanza inachimba, ya pili inabeba udongo. Nyuma ya mwaka hakuna mupaka tena, iko korongo. Kwetu hakuna mutu atakubali."

Aliutazama mstari wake. Kwao msituni, aliniambia, mtu anafyeka kipande cha tambarare na kukikata anavyotaka. Hakuwahi kufikiri kwamba mpaka unaweza kula shamba. Akaufuta mstari kwa kiganja, akakipangusa kwenye koti.

Tukaanza upya. Mpaka ulale, kama wanavyotaka wazee, lakini uko umbali gani kutoka juu? Hatujui. Basi tuuite x. Kimo chote tukiite moja. Ukishuka robo ya njia, upana unakuwa robo ya kitako. Ukishuka theluthi, theluthi. Kwa hiyo ukishuka x, upana unakuwa x ya kitako. Eneo la juu linakuwa x mara x ya shamba zima. Nasi tunataka kipande hicho kiwe nusu.

"x mara x iko nusu," akasema. "x iko nini?"

"Robo tatu," nikarukia.

"Hatua yako iko wapi?"

Sikuwa nayo. Robo tatu mara robo tatu ni tisa juu ya kumi na sita, imezidi nusu, na kwa jibu hilo ningemwibia baba mdogo. Nikarudi nyuma kama siku zote. Akanionyesha namna ya kutafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa nusu, ile waliyoiita rasine, na namba ikaanza kutoka, tarakimu baada ya tarakimu, wala haikuwa na mwisho. Nilitaka kulia. Namba gani hiyo ya kumpelekea mjane?

"Ikate," mwalimu akasema. "Saba juu ya kumi. Saba mara saba, arobaini na tisa. Kwa mia, inakosa moja tu kufika nusu. Ile moja ni ya ndege."

Huo ulikuwa mzaha wa pekee niliowahi kumsikia nao. Nilicheka peke yangu katika darasa tupu, na nafikiri furaha niliyokuwa nayo siku ile sikuipata tena shuleni.

Likizo ilipofika nilimwomba mama awaite baba mdogo, wazee wawili waliokunja kamba, na kapita, yule aliyekuwa mkubwa wa kilima chetu mbele ya serikali. Walikuja kwa adabu, kwa sababu mtoto wa shule ya walimu aliheshimiwa hata kabla hajajua kitu. Wazee hawa hawakujua x, na mimi sikutaka kuwaletea x. Nilitandika mkeka uani nikapanga maharagi. Nikawaambia shamba tulikate vipande vidogo vilivyo sawa, na kila haragi ni kipande kimoja. Mstari wa juu haragi moja, wa pili matatu, wa tatu matano, kila mstari ukizidi wa juu yake kwa mawili kwa sababu shamba linapanuka, mpaka mstari wa kumi kule kwenye mafunjo.

"Muhesabu wenyewe," nikasema.

Kapita alihesabu kwa kidole, midomo ikisogea. Yote yalikuwa mia. Kisha nikaweka kijiti chini ya mstari wa tano, pale kamba ilipokunjika, nikamwomba ahesabu ya juu tu. Yalikuwa ishirini na matano. Nikakishusha kijiti mpaka chini ya mstari wa saba. Arobaini na tisa.

Nilingoja wabishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nina majibu yote. Lakini baba mdogo ndiye aliyenyanyua kichwa.

"Unawaza sisi hatuna macho?" akasema. "Mutu yeyote anaona chini njo kukubwa. Hata mutoto wa kuchunga mbuzi anaona."

Alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

"Juu tunaweka mujane, ao muzee, ao mugonjwa. Mwenye nguvu anakaa chini. Wa chini analima kwake, anapanda kulima kwa wa juu, anavuna, anapeleka kikapu. Ile robo yenye unaona imezidi, njo ya ile kazi. Baba yetu alikunja kamba vile, na baba yake alikunja vile. Hiyo njo sawasawa."

Mpaka leo sioni aibu kwa jinsi nilivyomjibu. Nilimwambia kikapu ni cha kupewa, na cha kupewa kinaweza kunyimwa. Akifa yeye, wanawe watakumbuka? Wake zao watakumbuka? Shamba lenye mpaka halihitaji mtu akumbuke. Mzee mmoja alitikisa kichwa kukubali, nilimwona. Baba mdogo mwenyewe hakunipinga.

Kapita akasema kwamba basi mwenye shamba achague. Mpaka ushuke hadi mstari wa saba, na kila mtu alime pake. Au ubaki ulipo, pamoja na mikono ya shemeji.

"Yote mbili pamoja haiwezekane, Mama," alimwambia.

Wote tukamgeukia mama. Alikuwa amekaa mlangoni na mdogo wangu wa mwisho mapajani. Hakuyatazama maharagi hata kidogo. Alinitazama mimi, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu baba afe. Alikuwa ananijivunia.

"Mutoto wangu amesoma," akasema. "Tufuate yeye."

Baba mdogo aling'oa miti ya mpaka kwa mikono yake, akaipanda upya kule chini, akaikanyagia udongo vizuri. Alipomaliza alinipa mkono. Mimi nikarudi shuleni kifua mbele, nikamweleza mwalimu, naye akaniambia vema, akaniomba nirudie hatua zote mbele ya darasa. Habari ya mikono ya shemeji sikumweleza, kwa sababu niliiona ni maneno ya wazee tu.

Niliporudi likizo iliyofuata niliona kabla sijafika nyumbani. Kutoka kwenye njia ya ng'ambo shamba lote linaonekana. Chini kwa baba mdogo maharagi yalikuwa yamenyooka, safi. Juu karibu na nyumba palikuwa pamelimwa vibaya, vipande vipande. Na katikati, kipande kile nilichokitoa kwenye tablo, palikuwa majani matupu, marefu kufika kiunoni.

Mama alikuwa amejaribu. Alilima peke yake mpaka viganja vikapasuka, wasichana wakibeba magugu. Mvua ikamkuta hajafika nusu. Baba mdogo hakumtukana, hakumkasirikia, alipita njiani akimsalimia "Jambo, Mama" kama jirani yeyote. Hakuna kikapu kilichopanda. Nilikuta wanakula mihogo bila kitu cha kutowelea, na mdogo wangu wa mwisho nywele zake zimeanza kuwa nyekundu za utapiamlo. Nilichukia. Sijui nilimchukia nani.

Tena kulikuwa na jambo baya zaidi. Enzi zile shamba lililolala bila kulimwa lilihesabiwa halina mwenyewe, na serikali ilikuwa na watu wengi wa kuwapa, wenye mashamba makubwa ya biashara na wageni walioletwa kutoka mbali. Kapita alianza kupitapita pale kwenye majani. Alikuwa na wakubwa wake, simlaumu. Alimwambia mama: msimu mmoja tena hivi, na yeye hataweza kunyamaza.

Basi nilimwambia mama sirudi shuleni. Alinikatalia, akalia, akaniambia baba yangu angeona nini. Nilishika jembe la baba nikashuka kwenye majani. Mwalimu alimtuma mwanafunzi mmoja wa upande wetu kuniambia nafasi yangu ameishikilia kwa muda mfupi tu, nije upesi. Nilimjibu yule mwenzangu vibaya, akaenda zake. Siku zile nililima kwa hasira, na jioni nilirudi bila nguvu hata ya kunawa. Nilikuwa bado sijamaliza hata robo ya majani yale.

Asubuhi moja nilimkosa mama. Nilidhani amekwenda kuchota maji. Alikuwa ameshuka kwa baba mdogo, amepiga magoti mbele ya mkewe na wanawe, amemwomba arudishe miti ya mpaka pale ilipokuwa, mimi nipate kurudi kwenye masomo. Baba mdogo hakumtajia sharti. Alimwinua, akachukua jembe, akapanda naye, na mimi nikawakuta wanang'oa mti wa kwanza.

"Weye kaoge," mama akaniambia. "Kesho unakwenda Masisi."

Sikubishana. Nilikuwa nimechoka, na moyoni, niseme ukweli, nilifurahi. Nilitembea kwenda Masisi haraka kuliko nilivyowahi. Nilipochungulia darasani nikaona kwenye benchi langu amekaa mtu mwingine, kijana mpya, amekunja mabega kwa baridi. Mwalimu alitoka nje, akanipeleka kwa padri mkubwa wa shule, akasema mengi kwa Kifaransa, mengine sikuyashika. Padri alifungua mikono tu. Darasa la mwaka wetu lilikuwa limejaa, na aliyeacha ameacha. Mwalimu alinisindikiza mpaka kwenye barabara, mikono ndani ya koti. Aliniambia amejaribu, na nilijua amejaribu. Alinipa viazi vya njiani vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, akarudi darasani kwa sababu walikuwa wanamngoja.

Mama aliponiona narudi aligeuka. Aliingia ndani, akakaa muda mrefu.

Siku ya kulima, baba mdogo alikuja na wanawe kama alivyokuwa akifanya zamani, nami nikajipanga katikati yao na jembe langu. Tulianzia kwenye miti ya mpaka tukapanda mlima. Walilima vizuri, kwa moyo, wanaimba. Jua lilikuwa bado halijafika kichwani tulipofika ncha ya juu na kukosa mahali pa kulima. Mama akaleta bugali na sombe ya majani ya mihogo, akaweka chini, watu wakanawa.

"Ile hesabu ya maharagi," aliniuliza, baba mdogo akisikia, "ilikuwa ya kweli?"

"Ilikuwa ya kweli, Mama."

"Njo vile," akasema, akamega bugali, akampa shemeji yake kwanza.